Heda za X- kwenye imeili: seva inazifanyia nini?

Ukiifungua imeili ukaangalia ule ujumbe wenyewe wote kama ulivyofika, utakuta mistari kibao juu, From, To na Subject hizo kila mtu anazijua, ila katikati kuna vitu kama X-Mailer, X-Priority, X-Spam-Status. Hizo za X- ndo heda zisizo rasmi, yaani programu fulani imezibuni kwa kazi zake yenyewe.

Chanzo ni RFC 822 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) ya mwaka 1982, ilisema ukitaka heda yako binafsi anza na X- na hakuna heda rasmi itakayokuja kuanza hivyo, ili majina yasigongane. Wazo zuri, shida heda ya X ikishazoeleka haibadiliki jina tena, watu wote wanaitegemea, kwa iyo 2012 RFC 6648 ikasema kwa majina mapya achaneni na X-. Nani kasikia sasa, zinabuniwa mpaka leo.

Seva yenyewe mara nyingi haizifanyi kitu. Kazi yake kusafirisha, hata hiyo To ya ndani haihangaiki nayo, inafuata anwani iliyopewa kwenye RCPT TO (amri ambayo seva inayotuma inataja mpokeaji) basi. Heda isiyoijua inaipitisha kama ilivyo, inabandika juu heda yake ya Received, yaani muhuri wa kwamba imepita hapo, safari inaendelea. Almuradi jina la heda liwe la ASCII (herufi za kawaida za Kiingereza, tarakimu na alama) lisilo na nafasi, lifuatwe na nukta mbili, na mstari usizidi herufi 998.

Kasheshe iko kwenye kuamini, maana kuandika heda ni bure kabisa! Mtu wa spamu anaweza kujiandikia X-Spam-Status: No kabla hata hajatuma, ndo maana SpamAssassin, programu ya kuchuja spamu, inafuta kwanza heda za X-Spam ilizozikuta alafu inaandika zake. Exchange, seva ya imeili ya Microsoft, nayo inazing'oa mlangoni zile za X-MS-Exchange-Organization zikitoka nje kwa asiyeaminika, isingefanya hivyo mtu angejipa SCL (alama ya kiwango cha spamu) ya -1 akaipita filta ya spamu kiulaini.

So kama umetengeneza rule kwamba imeili yenye X-Kampuni: ndani isikaguliwe, bana, umeacha mlango wazi. Ifute kwanza kwenye seva inayopokea za nje, kwenye Postfix (programu ya seva ya imeili) ni mstari mmoja tu wa header_checks, yaani kanuni zake za kukagua heda, /^X-Kampuni:/ IGNORE, ila ujue inagusa imeili zote zinazopita hapo, hata zenu za ndani, bora seva ya nje iwe peke yake.

Na usidanganyike na DKIM, saini ya kidijitali ambayo kikoa kinachotuma kinaiweka kwenye imeili, kupita. Saini inalinda bodi (ujumbe wenyewe) na zile heda zilizotajwa kwenye h= tu, mtu akibandika X- mpya njiani ambayo haimo kwenye hiyo orodha saini inabaki salama vilevile, hakuna kitakacholalamika.