Gari Lililo Juu ya Mawe: Yanayosemwa Kuhusu Kuliuza, na Ukweli Wake

Nyuma ya gereji za Mtwara mjini, Mikindani na Lindi hukosi kukuta Land Rover 109 iliyoshushwa injini, au Hilux ambayo bodi imeshapigwa praima kazi ikasimama hapohapo. Mwenyewe pesa zilikata, alihamishwa kikazi, au alifariki na warithi hawajui waanzie wapi. Gari la namna hiyo lina mtu wake mahali, mwenye vifaa na hamu ya kulimaliza. Linachelewa kumfikia kwa sababu ya maneno yanayozunguka gereji, na mengi si ya kweli.

"Nimeshatia milioni nane, siuzi chini ya hapo"

Mnunuzi hanunui pesa ulizokwisha kutia, ananunua kazi iliyobaki. Hesabu yake inaanzia mwisho: gari kama hilo likiwa zima na linatembea, linauzwa shilingi ngapi hapa kusini? Tuseme milioni 14. Spea zilizobaki milioni 3.2, ufundi 1.5, rangi na umeme 1.8, jumla 6.5. Gari lililofunguliwa halikosi kuzaa gharama nyingine, kwa hiyo aongeze robo ya jumla hiyo, kama 1.6. Inabaki milioni 5.9, na hapo hajahesabu usafiri wala muda wake. Akikupa milioni 5 hajakudharau. Risiti zako usizitupe, maana hata kama hazipandishi bei, risiti ya pistoni na ringi inaonyesha saizi iliyotiwa, na fundi atakayefunga injini ataihitaji.

"Vifaa vyote vimo humo ndani ya bodi"

Hapa ndipo mauzo mengi yanapofia. Kabla ya kulitangaza gari, toa kila kitu nje, tandika turubai, panga kwa mafungu: injini, gia boksi, breki, umeme, bodi. Kisha andika karatasi tatu: vilivyopo, visivyokuwepo, na vilivyo mikononi mwa watu, kama krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) iliyopelekwa kuchongwa au rejeta iliyoachwa kwa fundi wa kuzibua. Karatasi ya pili ndiyo inayouza gari. Mtu aliyeambiwa mapema kwamba pampu ya klachi haipo ataikata kwenye bei na mazungumzo yataendelea. Akiigundua mwenyewe, ataanza kukutilia shaka hata kwa vile vilivyopo.

Vinavyosumbua zaidi ni vidogo. Rejeta unaweza kuagiza, lakini kishikio cha altaneta na bolti zake utazunguka navyo mji mzima. Kwenye Land Rover za Series, yaani matoleo ya zamani kama hiyo 109, bolti nyingi ni za uzi wa inchi, za spana 1/2 na 9/16, na maduka mengi ya spea yanauza za milimita. Bolti ya milimita ukiilazimisha kwenye tundu la inchi itaingia mizunguko miwili mitatu, ishike, halafu ikate uzi. Tundu hilo limeharibika, na kulirekebisha kunataka kulitoboa upya. Kwa hiyo bolti za kila kifaa ziwe na mfuko wake, na ndani ya mfuko kuwe na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufutwa na dizeli.

Halafu kuna vifuniko vya beringi za krenki. Vilichongwa vikiwa vimefungwa kwenye bloki hiyohiyo, kwa hiyo kila kimoja kina nafasi yake na upande wake. Ukivichanganya, krenki itabana, au itazunguka na kula beringi muda si mrefu. Kama bado viko kwenye mpangilio, vitie alama za nukta leo: moja cha mbele, mbili kinachofuata, na kuendelea. Kama vimeshachanganyika, sema wazi. Fundi makini anaweza kuvipanga upya kwa kujaribu kimoja kimoja na kupima, ila ni kazi ya kulipwa, na mnunuzi ana haki ya kuijua.

"Likusanye harakaharaka, angalau lionekane gari"

Milango, boneti na taa vifunge tu, havitapotea na vitasafiri salama. Injini usiifunge kwa ajili ya macho ya watu. Iliyofungwa nusunusu, silinda hedi imekaa juu bila kukazwa, ni hatari: atakuja mtu na betri, apige stata bila oili, na kazi ya miezi iishe kwa sekunde kumi. Injini iliyo wazi, safi na yenye oili kwenye vyuma inamruhusu mnunuzi kupitisha kucha ndani ya silinda. Kucha ikikwama kwenye mkwaruzo, anajua silinda inataka kuchongwa.

"Injini imekwama, mwite wa chuma chakavu"

Ikikaa miaka karibu na bahari, injini hukwama mara nyingi kwa kutu nyembamba kati ya ringi na silinda, na hiyo si kifo. Toa plagi zote, au nozo kama ni ya dizeli. Mimina vijiko viwili vya dizeli iliyochanganywa na oili ya gia boksi ya otomatiki katika kila silinda, uiache siku tatu. Kisha tia spana kwenye bolti ya mbele ya krenki, sukuma kidogo mbele, kidogo nyuma, kwa mkono tu. Usitumie stata, wala usilivute gari likiwa kwenye gia. Plagi zibaki nje mpaka majimaji yote yatoke, kwa sababu hayabanwi kama hewa, na yakinaswa juu ya pistoni yanaweza kupinda konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki.

Ikizunguka, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Injini nzima ya petroli kwa kawaida hutoa psi 120 hadi 180, ya dizeli hupita 350, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi asilimia 10 hadi 15. Kwa petroli, silinda dhaifu itie kijiko kimoja cha oili, upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tazama valvu au gasketi. Ziandike namba hizo kwenye tangazo lako. Zinavuta mnunuzi wa kweli kuliko picha kumi.

"Sumaku haishiki, basi humo ni pati tupu"

Kwa Hilux, kweli: bodi yake ni ya chuma, na sumaku haishiki palipojazwa pati, ile ya kuziba mabonde. Kwa Land Rover ya zamani, sivyo: sehemu kubwa ya bodi yake ni aluminiamu, na sumaku haitashika hata kama bati halijawahi kuguswa. Peleka sumaku kwenye chesisi na kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva, ambavyo ni vya chuma. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma, ukisikiliza. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa mlio uliokufa. Aluminiamu nayo haiponi: pale inapogusana na chuma, hewa ya chumvi ikiwepo, inaanza kutoa unga mweupe na rangi inavimba malengelenge. Mpeleke mnunuzi moja kwa moja kwenye maungio hayo.

Ndiyo sababu pia turubai la nailoni lililofungwa mpaka chini haliliokoi gari. Linafungia unyevu ndani. Bora kibanda cha bati kilicho wazi pembeni, na gari linyanyuliwe kutoka kwenye mchanga.

"Kadi ya nini, gari lenyewe bovu"

Bila kadi ya usajili unauza vyuma, na utalipwa bei ya vyuma. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, kabla mnunuzi hajafanya hivyo. Kwenye Land Rover za Series namba hupigwa kwenye chesisi mbele kulia, karibu na springi, mahali ambapo kutu na grainda hupapenda. Isugue taratibu kwa brashi ya waya, usichomelee juu yake. Kama injini si ile ya kwenye kadi, tafuta mkataba au risiti ya kununulia injini hiyo, kwa sababu badiliko hilo lazima lifike TRA.

Gari la marehemu linauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Makubaliano ya kikao cha ukoo peke yake hayatoshi kuhamisha umiliki. Kadi ikipotea, anza na taarifa ya upotevu polisi. Wapo wanaoogopa kwamba gari lililolala linaongeza deni la leseni kila mwaka. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017. Kinachofuata namba ya gari ni faini za barabarani, kwa hiyo hamisheni jina mara tu mnapomalizana, ili atakayeliendesha kesho asiendeshe kwa jina lako.

"Wanunuzi wako Dar"

Dar ni kama kilomita 560 kutoka Mtwara, na gharama ya lori itatoka kwenye bei yako. Masasi, Newala, Nachingwea na Tandahimba wapo wanaotafuta gari la kwendea shambani, na mafundi wenye uwezo wa kulimaliza. Litangaze gari minada ya korosho ikishaanza Oktoba na malipo yanaingia, usingoje Machi, pesa zimeshatawanyika na njia za vumbi zimekuwa tope.

Siku ya kulibeba, jaza upepo matairi yote manne na legeza marekebisho ya breki, maana dramu zilizokaa hushika na gari litagoma kupanda kwenye lori. Boksi la bolti na vishikio lipande mbele kwa dereva. Likiwekwa nyuma pamoja na bodi, litafika Newala nusu tupu.