Saskatuni haiuawi na majira ya baridi

Wanaotaka kupanda saskatuni huniuliza kwanza kama itahimili baridi. Itahimili. Kichaka hiki cha matunda madogo ya kuliwa, kwa jina la kitaalamu Amelanchier alnifolia, asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na kikiwa kimelala usingizi wa majira ya baridi hustahimili hata nyuzi 40 chini ya sifuri. Jiji la Saskatoon nchini Kanada lilipata jina lake kutokana na tunda hili, kwa lugha ya Wakrii, wenyeji wa asili wa huko.

Ninachokiogopa mimi ni jalidi ya wakati wa maua. Saskatuni huchanua mapema mno, na ua lililofunguka hufa kwenye nyuzi 2 au 3 tu chini ya sifuri. Ubaya wake, hutajua. Asubuhi petali ni nyeupe vilevile na nyuki wanapita. Lipasue ua kwa ukucha, utazame katikati: pakiwa kijani, tunda lipo, pakiwa peusi, hakuna kitu. Niliwahi kupasua hivyo safu nzima, jeusi baada ya jeusi, kwa kuwa miche niliipanda bondeni. Hewa baridi ni nzito, huteremka kama maji na kutuama chini. Safu za juu, hatua chache tu kutoka hapo, zilizaa.

Wengi hukiweka kichaka kando ya ukuta unaopigwa jua, wakidhani wanakihurumia. Kumbe wanakiharakisha kuchanua. Kule kaskazini mwa dunia, mteremko unaotazama kaskazini huchelewesha maua siku kadhaa, na kwangu siku hizo ndizo mavuno.

Udongo si tatizo, alimradi maji hayasimami. Mbolea, kidogo tu: nitrojeni nyingi huleta machipukizi mororo, na hayo ndiyo yanayopendwa na bakteria waunguzao matawi. Utaona ncha imekauka na kujikunja kama mkono wa bakora. Kata sentimita 30 chini ya palipoungua, na ufute mkasi kwa spiriti kila unapokata. Mreteni (juniper) nao usiwe jirani, maana kuvu wa ugonjwa wa kutu huishi kwa zamu kati ya mimea hiyo miwili.

Kichaka kimoja kinatosha, hujichavusha chenyewe. Wenye mashamba hulalamika kwamba aina ya saskatuni iitwayo Thiessen haiivi kwa pamoja; kwa bustani ya nyumbani, mimi naona hiyo ni sifa, unachuma kidogokidogo. (Ligeuze tunda: kile kitaji kidogo chini yake ni kilekile cha tofaa. Ni ndugu.)

Subiri hadi liwe zambarau inayokaribia weusi, ndipo sukari imejaa. Lakini wavu uutandaze mapema, matunda yanapoanza tu kuwa mekundu. Ndege hawasubiri zambarau.