Kichwa cha dokezo kisiwe kitambulisho chake

Programu nyingi za madokezo siku hizi zinakuruhusu kuunganisha dokezo moja na jingine. Unafungua mabano mawili ya mraba, unaandika kichwa cha dokezo unalolitaka, na kiungo kimekamilika: [[Udongo wa mfinyanzi]]. Ni njia nyepesi, inasomeka, wala haihitaji maelekezo. Mimi hutengeneza programu za aina hii, na hapo ndipo ninapopatilia shaka kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kichwa kimebebeshwa kazi mbili zisizopatana.

Kichwa ni cha msomaji. Kinamwambia dokezo linahusu nini, na uelewa wa mwandishi ukikua kichwa nacho kinapaswa kubadilika. Kitambulisho, yaani alama ambayo kwayo programu hulitambua dokezo, ni cha kiungo, na sifa yake kuu ni kutobadilika kamwe. Ukitumia kitu kimoja kwa yote mawili, ama utaogopa kuboresha vichwa vyako, ama viungo vitakatika.

Wapo watakaosema programu inaweza kurekebisha viungo yenyewe kichwa kinapobadilishwa. Inaweza, mradi uwe na kifaa kimoja tu. Chukua dokezo hilo la udongo, lenye viungo vinavyolielekea kutoka madokezo ishirini. Ukiwa na simu isiyo na mtandao, unabadili kichwa kiwe "Udongo unaotuamisha maji". Programu inapita kwenye mafaili yote ishirini na kuandika upya kila kiungo. Kompyuta yako haina habari. Unaandika humo dokezo jipya na kuweka kiungo cha [[Udongo wa mfinyanzi]], kisha unasahihisha matatu kati ya yale ishirini. Vifaa vikikutana mtandaoni, mafaili hayo matatu yanagongana, kwa kuwa yamebadilishwa pande zote mbili. Kiungo kipya nacho kinaelekea pasipo na kitu. Baya zaidi, programu nyingi ukibofya kiungo cha namna hiyo zinakufungulia dokezo tupu lenye kichwa kile cha zamani. Sasa una madokezo mawili ya udongo, na viungo vimegawanyika kati yake.

Kutumia jina la faili au njia ya folda kuna udhaifu uleule na nyongeza yake. Windows haikubali nukta mbili wala alama ya kuuliza katika jina la faili. Linux huona "Maji" na "maji" kuwa mafaili mawili, ilhali Windows, katika mpangilio wake wa kawaida, huyaona kuwa moja. Herufi yenye alama juu yake, kama é, inaweza kuandikwa katika Unicode, mfumo wa kuwakilisha herufi kwenye kompyuta, kwa namna mbili ambazo jicho halizitofautishi ila kompyuta huzitofautisha.

Nambari za mfululizo kutoka hifadhidata, 1, 2, 3 na kuendelea, zinavutia kwa ufupi wake. Lakini vifaa viwili visivyo na mtandao vitatoa 58 kila kimoja kwa dokezo lake. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: jedwali la kawaida la SQLite (programu ya hifadhidata), usipolizuia, hutoa tena nambari ya safu iliyofutwa endapo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Futa dokezo la 58, andika jingine, nalo litaitwa 58. Kila kiungo cha zamani kitafunguka vizuri kabisa, kikupeleke kwenye dokezo lisilohusika. Heri kiungo kilichokatika, maana hicho unakiona.

Katika mazungumzo haya jina la Niklas Luhmann halikosi kutajwa. Mwanasosholojia huyu Mjerumani (1927–1998) aliacha kadi zipatazo 90,000, kila moja ikiwa na nambari yake, na kadi iliyoendeleza wazo la nyingine iliongezewa herufi au tarakimu mwishoni: 21/3, kisha 21/3a, kisha 21/3a1. Wanaomwiga hunakili muundo huo hadi kwenye kompyuta, nami sikubaliani nao. Nambari yake ilikuwa pia mahali kadi ilipokaa kwenye droo, na kwa karatasi hakukuwa na njia nyingine ya kuipata. Kompyuta hulipata dokezo popote lilipo. La kujifunza kwake ni kwamba kadi ikishapewa nambari, nambari hiyo haikubadilishwa tena, hata mawazo yake yalipobadilika.

Kwa mtu mmoja anayeandika kwenye mafaili ya maandishi matupu, napendekeza tarehe na saa: 20240917083512. Mwaka unatangulia, kisha mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, kwa hiyo ukiyapanga mafaili kwa jina yanajipanga yenyewe kwa wakati. Huhitaji seva, na ukilazimika unaweza kuitunga kwa mkono. Usiishie kwenye dakika, kama wengi wafanyavyo. Ukihamisha madokezo kutoka programu nyingine, mamia huingia ndani ya dakika moja. Tumia saa ya UTC, ile ya pamoja ya dunia, kwa sababu katika nchi zinazorudisha saa nyuma baada ya majira ya joto kuna saa nzima inayojirudia kila mwaka. Na kabla ya kutoa kitambulisho, programu ihakikishe hakijatumika. Kikiwa kimetumika, isogee sekunde moja mbele.

Mambo hubadilika panapokuwa na vifaa vingi au watu wengi, maana hakuna kifaa kinachoweza kujua wenzake wametoa nini. Hapo UUID, kitambulisho kinachotungwa kiwe cha pekee popote, ndiyo jibu. Ni biti 128 (kila biti ni 0 au 1), zinazoandikwa kwa tarakimu 32 za heksadesimali (0–9 na a–f) na vistari vinne. Katika toleo la 4, biti 122 ni za nasibu. Ungelazimika kuzalisha bilioni moja kila sekunde kwa miaka 86 hivi ndipo uwezekano wa mbili kufanana ufikie nusu kwa nusu, ilimradi kizalishi chako cha nasibu ni cha kuaminika.

Kwa programu mpya mimi huchagua toleo la 7, lililowekwa rasmi katika RFC 9562, hati ya viwango vya intaneti, mnamo Mei 2024. Biti zake 48 za mwanzo ni wakati kwa milisekunde tangu Januari 1, 1970, na sehemu kubwa ya zilizobaki ni nasibu. Unapata mpangilio wa wakati bila kuogopa kugongana, na hifadhidata huzipokea kwa wepesi kwa kuwa mpya huingia mwishoni mwa faharasa, orodha yake ya kutafutia, badala ya kutawanyika kila upande. Tahadhari ni moja: anayekiona kitambulisho anaweza kusoma humo wakati dokezo lilipoundwa. Mtumiaji akichapisha dokezo hadharani, kiungo cha umma kipewe kitambulisho kingine cha nasibu tupu.

Kitambulisho kikae ndani ya dokezo lenyewe, si kwenye hifadhidata ya programu peke yake. Mtumiaji akihama na mafaili yake, ahame nacho:

---
id: 018f3c2a-7b41-7d3e-9a55-2c81e0b4f6d7
kichwa: Udongo wa mfinyanzi
---

Najua mfululizo huo haupendezi, na sidhani mwandishi anapaswa kuuona. Anapoandika kiungo, atafute kwa kichwa. Programu ihifadhi kitambulisho na kuonyesha kichwa cha sasa kila dokezo linapofunguliwa. Hapo kubadili kichwa kunagusa faili moja tu. Wakati wa kuyatoa madokezo nje, kiungo kiandikwe pamoja na kichwa, ili anayesoma bila programu aelewe kinakwenda wapi.

Linalobaki ni nakala. Mtu akinakili faili ili alitumie kama kielelezo, kitambulisho nacho kinanakiliwa, na hakuna wingi wa biti unaozuia hilo. Programu ikikuta kitambulisho kimoja kwenye mafaili mawili, lile iliyolijua tangu zamani libaki nacho na nakala ipewe kipya. Yakiwa yameingia pamoja, kwa mfano kutoka nakala rudufu, isikisie: imwonyeshe mtumiaji yote mawili, achague. Na dokezo likifutwa, kitambulisho chake kihifadhiwe pamoja na tarehe ya kufutwa, kusudi kifaa kilichokaa muda mrefu bila mtandao kisije kulirudisha kana kwamba ni jipya.