Usiniambie tena kwamba bodaboda hana kitu

Wiki hii nimeisikia tena, na safari hii kutoka kwa mtu msomi kabisa ambaye dada yake yuko wodini na vyuma mguuni: "Wakili, yule kijana ni bodaboda tu, hana kitu. Tukimshtaki tutapata nini?" Familia ilishapokea pesa kidogo za dawa kituoni, ikasaini karatasi, ikarudi nyumbani. Imani hii inawanyima watu haki zao kila siku, na nimechoka kuijibu mmoja mmoja kwenye simu.

Fidia ya ajali haitafutwi mfukoni mwa dereva peke yake. Hapa Tanzania ipo Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inayokataza chombo kutembea barabarani bila bima ya kuwakinga watu wengine dhidi ya kifo na majeraha. Ile bima ndogo ambayo wengi hukata ili trafiki asiwasimamishe iliwekwa kwa ajili yako wewe uliyegongwa. Ukipata hukumu dhidi ya mwenye bima, kampuni yake ndiyo inayotakiwa kuilipa. Kwa hiyo usiniulize kijana ana nini. Niulize kwanza kadi ya pikipiki ina jina la nani, na bima ilikuwa hai siku ya ajali? Stika ya bima si lazima uione kwa macho. Namba ya usajili ya pikipiki, ile inayoanza na MC, inatosha kuitafuta kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka inayosimamia bima.

Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Ripoti polisi, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ijazwe vizuri, omba nakala ya ramani ya eneo la ajali, tunza kila risiti hata ya bajaji ya kwenda kliniki. Una miaka 3 tu ya kufungua madai. Kampuni ya bima iandikiwe notisi kabla kesi haijafunguliwa. Kama ndugu amefariki, sheria ya fidia ya vifo vya ajali, Sura ya 310, inawapa wategemezi wake haki ya kudai, nanyi anzeni na usimamizi wa mirathi. Na kama hukuvaa helmeti, uzembe wako unaweza kupunguza fidia, lakini hauifuti.

Kuhusu faini nitatulia kidogo. "Dereva ameshahukumiwa, kesi imeisha." Haijaisha! Kesi ya trafiki ni ya Jamhuri dhidi ya dereva, na faini inaingia serikalini. Wewe ulikuwa shahidi tu. Ila hukumu ile ni mali: kwa Sheria yetu ya Ushahidi, mtu akishatiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hatia hiyo ni ushahidi usiopingika kwamba alitenda kosa lile. Kwenye madai hutahangaika tena kuthibitisha kwamba aliendesha kizembe. Kachukue nakala iliyothibitishwa mapema, kabla jalada halijaanza kutafutwa kwenye makabati. Akiachiwa huru kazi inakuwa ngumu zaidi, maana sheria ileile inaichukua hukumu hiyo kama ushahidi kwamba hana hatia ya kosa lile. Ila kesi ya madai haihitaji kuthibitisha bila kuacha shaka. Inatosha ushahidi wako uwe mzito kuliko wake.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni pikipiki za mkataba. Kijana anamletea tajiri, yaani mwenye pikipiki, hesabu (kiasi cha pesa walichokubaliana) kila siku, na baada ya muda waliokubaliana pikipiki inakuwa yake. Ajali ikitokea katikati ya mkataba, tajiri anakuja na daftari: "Nilishamuuzia, mimi simo." Kesho yake kampuni ya bima nayo inasema aliyekata bima ni tajiri, kijana haimjui. Wewe unabaki katikati na mguu wako. Jibu langu ni kuwashtaki wote wawili, kijana kwa uzembe wake na mwenye kadi kwa kuwajibika juu ya mtu anayemfanyia kazi kwa ruhusa yake. Hesabu ya kila siku naitumia kama ushahidi kwamba siku ya ajali biashara ilikuwa bado ya tajiri. Na asisahau kwamba kumruhusu mtu atumie chombo chako bila bima ni kosa la jinai kwa aliyeruhusu pia. Je, hoja hii inashinda kila mara? Hapana. Mkataba wenyewe ukiandikwa kama mauziano, mstari kati ya mwajiri na muuzaji unakuwa mwembamba mno, na hakuna wakili mkweli atakayekuhakikishia hakimu ataangukia upande gani. Yapo pia yanayoweza kuiponyesha bima kabisa: dereva asiye na leseni, au pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi huku ikibeba abiria wa nauli. Haya nayachunguza kabla sijapokea hata shilingi ya mteja.

Kiasi cha fidia nacho kina ukungu wake. Hasara mahsusi, yaani matibabu, nauli, mshahara uliokatwa, unazitaja moja moja na kuzithibitisha moja moja. Bila risiti zinaanguka. Maumivu na ulemavu vinaingia kwenye fidia ya jumla, na hiyo ni busara ya hakimu. Hatuna jedwali linalosema goti ni kiasi gani. Watu wawili waliovunjika mfupa uleule wanaweza kupewa viwango vinavyopishana sana, na mimi sioni haki katika hilo, ingawa ndivyo ilivyo. Ndiyo maana ripoti ya daktari inayoeleza kwamba huwezi tena kusimama jikoni kwa mama lishe kutwa nzima ina uzito kuliko neno "ulemavu" peke yake.

Sasa ile karatasi ya kituoni. Polisi hana mamlaka ya kupanga fidia yako. Ukisaini kwamba umelipwa na hutadai tena, upande wa pili utaiweka mezani siku ya kwanza, na kuing'oa kunataka kuthibitisha kwamba ulidanganywa au ulishinikizwa. Inawezekana, lakini ni kazi ngumu. Ukipewa pesa za dawa, zipokee, kisha mstari wa mwisho uandike kwa mkono wako: "Nimepokea kwa ajili ya matibabu ya awali tu. Haki yangu ya kudai fidia ipo palepale." Wakikukatalia kuandika hivyo, usisaini.