Mashua ndogo kutoka Kisumu: dhana tunazopanda nazo kutoka nchi kavu

Nikimwambia mtu wa mjini kwamba nasafiri kwa mashua kutoka Dunga, ufuko wa Kisumu, hadi Mbita, na mwaka mwingine hadi Port Victoria, hupata jibu moja kati ya mawili. Mmoja hutikisa kichwa: ziwa limekula watu, wewe nawe utabaki huko. Mwingine hucheka: kwani ni Bahari Hindi? Hilo si ziwa tu? Wote wawili wamekua wakilitazama Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, kila siku. Ninaandika haya kwa sababu siku hizi wanaoniuliza ni vijana wanaotaka kwenda kweli. Wana mashua ya mbao ya futi 25, injini ya farasi 15 na likizo ya siku nne. Hao ndio wanaoninyima usingizi, maana wanaogopa mambo ambayo hayatawagusa, na yale yatakayowafika hawana habari nayo.

Kwanza, hofu ya kina. "Ziwa hili halina mwisho, nanga haifiki chini." Limepimwa zamani. Mahali penye kina kirefu kuliko pote ni kama mita 80, na wastani ni mita 40 hivi. Tanganyika inapita mita 1,400. Tena ziwa letu liliwahi kukauka, yapata miaka 15,000 iliyopita. Ghuba ya Winam, ambamo msafiri anayetoka Kisumu hutumia siku zake za kwanza, ni kama karai: upande wa Kisumu kuna sehemu nyingi ambapo upondo mrefu unagusa tope. Kijana akisikia hivyo hupumua. Asipumue bado. Upepo mkali ukipiga maji yasiyo na kina, mawimbi yanakuwa mafupi na yenye kusimama wima, na moja linafuatana na jingine bila nafasi. Mashua ikiwa bado inainamisha omo, yaani pua yake, kutoka wimbi la kwanza, la pili limeshafika na linaingia ndani. Aliyezoea mawimbi marefu ya Lamu akija hapa hushangaa jinsi ziwa linavyomchapa. Kwa hiyo ule udogo wa kina unaodhaniwa kuwa usalama ndio unaojaza mashua maji.

Dhana ya pili ndiyo kubwa, nami nitakaa nayo: kwamba safari ya majini ni kama safari ya matatu, unaondoka ukiwa tayari.

Usiku ardhi hupoa upesi kuliko maji, na upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likipanda ardhi inapata joto, hewa yake inapaa, na upepo unageuka kutoka ziwani kuja nchi kavu. Katika Winam, ambayo imelala mashariki hadi magharibi, maana yake ni hii: alfajiri unapata upepo mwepesi wa mashariki unaokusukuma mgongoni, kisha katikati ya asubuhi kunatulia tuli, maji yanang'aa kama sahani, na wageni hupiga picha. Baada ya hapo upepo wa magharibi unaingia. Huanza kama mistari myeusi juu ya maji kwa mbali. Kufikia saa nane mchana ghuba nzima ina mapovu meupe. Wavuvi wa tanga wamejenga siku yao juu ya mzunguko huu tangu kabla ya injini: wanatoka na upepo wa asubuhi, wanarudishwa na wa mchana.

Mimi nililijua hilo kwa masikio tu mpaka mwaka ule tulipolala Kendu Bay, mimi na binamu yangu. Tuliamka vizuri, tukapika chai, tukangoja chapati za mama mmoja pale ufukweni, tukasukuma mashua saa tatu asubuhi. Kwenda Homa Bay lazima uuzunguke Mlima Homa, ambao umejitokeza ndani ya ghuba kama bega, na kwa mashua kama yetu ni kazi ya saa nne. Upepo ulitukuta tukiwa kwenye pembe ya magharibi ya bega lile, uso kwa uso. Binamu yangu alikuwa na mtungi wa lita tano uliokatwa mdomo, akikumba maji. Nilimhesabu bila kukusudia: mitungi 20, anapumzika pumzi moja, 20 tena. Unga ulilowa, ukageuka uji ndani ya mfuko. Kati ya mbao mbili za chini kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa, ililegea, nikaona uzi wake ukichezacheza kwenye maji ya ngamani, chini kabisa ya mashua, kama mdudu. Tuligeuza tukaingia katikati ya mawe, mahali ambapo hatukupajua, tukaivuta mashua kwa mikono. Mzee aliyekuwa akishona nyavu alituangalia muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Wuoda (mwanangu), asubuhi yote mlikuwa mnangoja nini?"

Tangu siku hiyo mimi huondoka saa kumi na moja alfajiri, na ifikapo saa tano mashua imefungwa. Chai tunakunywa tukifika.

Lakini nisikuachie dhana nyingine mkononi, kwamba alfajiri ni salama kila siku. Usiku pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya ziwa, hewa inapaa, na ndiyo maana ngurumo nyingi za ziwa kuu hupiga kati ya usiku wa manane na asubuhi. Ndani ya ghuba mambo huwa tofauti kidogo: mawingu hujengeka mchana juu ya Kericho na Nandi, kisha hushuka kwetu jioni na mvua ya kishindo. Basi kabla ya kufungua kamba, simama dakika kumi gizani utazame magharibi. Ukiona radi zinawaka mfululizo, rudi ulale. Ukivuka Mbita kuingia ziwa kuu, tahadhari hiyo iongeze maradufu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataja makadirio ya vifo 3,000 hadi 5,000 kila mwaka katika Ziwa Victoria zima, na hali mbaya ya hewa ni chanzo kikubwa. Mahali pa kulala pia pachague kwa ajili ya hiyo mvua ya jioni: mashua ivutwe juu, isiachwe kwenye nanga mbele ya ufuko ulio wazi.

"Injini kubwa itakutoa kwenye shida." Vijana wengi hutaka kuuza ile ya farasi 15 wanunue ya 40. Mashua nzito ya mbao inayopasua maji ina mwendo wake wa mwisho, unaotokana na urefu wake. Kwa futi 25 ni kama kilomita 12 kwa saa. Ukiongeza nguvu baada ya hapo, tezi, yaani sehemu ya nyuma, inazama, omo inainuka, na petroli inaisha. Injini ya farasi 15 ya mipigo miwili ikifunguliwa mpaka mwisho hunywa karibu lita 6 kwa saa. Ukiirudisha nyuma kidogo unapoteza mwendo mdogo sana na unaokoa mafuta mengi. Gawa petroli yako mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la siku ambayo hukuipanga. Hela ya injini kubwa nunua makasia mawili mazuri, plagi za akiba na jaketi.

Kuhusu jaketi za kuokoa maisha, sitabishana na yeyote anayesema yeye ni muogeleaji. Mashua tupu ikisukumwa na upepo inakwenda haraka kuliko unavyoogelea na nguo zako. Utaiona ikienda. Jaketi livaliwe, lisikaliwe kama mto. Na mashua ya mbao ikipinduka, ishike. Hata ikijaa maji, mbao kwa kawaida huendelea kuelea, na kichwa cha mtu peke yake hakionekani kati ya mawimbi.

Wapo pia wanaoamini kwamba mzigo hutuliza mashua, kwamba ikijaa haitikisiki. Haitikisiki kwa sababu haina tena uwezo wa kuinuka. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati la Ukara upande wa Tanzania, na watu zaidi ya 200 wakafa. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101. Kipimo changu ni dhiraa. Naweka kiwiko majini, nanyoosha mkono kuelekea ukingo. Vidole vikipita ukingo, kitu kinashuka, hata kama ni godoro la mgeni.

Gugu maji. Lilifika upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mpaka leo watu wanadhani ni nyasi tu, unaongeza moto unapita. Mizizi yake huzunguka panga la injini, na vipande vidogo huziba tundu la maji ya kupozea. Injini inapata joto, inakufa, na wewe uko katikati ya shamba la kijani. Zima mapema, inua injini, tumia upondo. Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba shamba lile linatembea. Upepo wa mchana ukilisukuma, ghuba ndogo uliyoingia jioni ikiwa wazi unaweza kuamka imezibwa, ukakaa siku mbili. Kabla ya kuchagua pa kulala, angalia gugu liko wapi na upepo unaelekea wapi.

Watu hunong'ona sana kuhusu mamba. Mimi namwogopa kiboko. Kiboko haogelei kama tunavyofikiri, hutembea na kukimbia juu ya sakafu ya ziwa, kwa hiyo utamkuta kwenye maji mafupi, karibu na mafunjo, mahali pale pale panapokuvutia kupumzika. Usiku hupanda kula majani na kabla ya kucha hurudi. Ukipiga hema kwenye njia yake, au ukisukuma mashua gizani kando ya mafunjo, umesimama kati yake na maji. Alfajiri tunatoka polepole tukigonga ubao kwa kasia, na hatukati kona tukipita kando ya mafunjo hata siku moja.

"Maji nitachemsha." Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini Winam ina majira ambapo maji hugeuka kijani kizito kama rangi iliyomwagika. Hiyo ni bakteria ya kijani-buluu, na aina nyingine hutoa sumu isiyoharibiwa na moto. Ukichemsha sana maji yanapungua na sumu inabaki. Klorini ya vidonge nayo usiitegemee hapo. Beba maji ya mjini, lita nne kwa mtu kwa siku, na ujaze kila unapofika mji. Kichocho nacho kiko kwenye vina vifupi vyenye majani, hapo unaposhuka kusukuma mashua, na huingia kupitia ngozi. Nina kawaida ya kuvaa buti ndefu za mpira, na kila baada ya msimu naenda kupimwa.

Simu: iweke kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, na usiifanye dira. Karibu na mpaka inaweza kushika mtandao wa nchi jirani, na betri haikuambii inakufa lini. Dira ya kweli haichajiwi.

Na mpaka wenyewe upo, hata kama hauonekani. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa. Kutoka Port Victoria visiwa vya Uganda viko karibu kiasi cha kukushawishi. Usiingie bila hati na bila kupitia bandari inayotambulika. Wavuvi wetu wamekamatwa kwa chini ya hapo.

Swali la mwisho huulizwa na wenye ndoto kubwa: je, naweza kutoka Kisumu nishuke na Nile hadi Misri? Ramani inasema ndiyo, maji yanatoka Jinja, Uganda. Lakini mdomoni pa mto kuna bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa 1954, likafuatiwa na Kiira, Bujagali, Isimba na Karuma, kisha maporomoko ya Murchison ambapo mto unapenya ufa wa miamba. Hakuna mashua inayopita hapo isipobebwa. Mto Nzoia na Yala pia haitakufikisha mbali; ukitoka mdomoni unakutana na mchanga, kisha mawe.

Safari ndefu iliyopo ndiyo hii, na inatosha. Siku ya kwanza Dunga hadi Kendu Bay, saa tatu hivi ukiwa na upepo wa alfajiri nyuma. Siku ya pili unalizunguka bega la Mlima Homa mpaka uone kilima cha Got Asego juu ya mji wa Homa Bay. Siku ya tatu Mbita, ambapo unajaza petroli na kuuliza habari za ziwa kuu kwa waliotoka huko usiku huo huo. Kila unapotua jiandikishe kwa kamati ya ufuko na useme unakokwenda kesho. Siku ya nne, hewa ikiruhusu, unaipita Rusinga, alikozikwa mwanasiasa Tom Mboya, unavuka hadi Mfangano. Huko maji hayana tope la mto Nyando wala la mto Sondu. Ukiachia nanga, utaiona ikishuka kupita urefu wa mkono wako, kwa mara ya kwanza tangu utoke Dunga.