Je, wajua kwa nini asubuhi za shule hugeuka patashika hata mtoto akiamshwa mapema?

Kengele imelia saa 11:30 alfajiri, mtoto ameamshwa, muda upo tele. Ikifika saa 1:00 kasorobo kiatu kimoja hakionekani, daftari la hesabu halijasainiwa, na mdogo bado yuko chooni. Wazazi wengi hulitibu hilo kwa kurudisha kengele nyuma dakika 15 nyingine. Mara nyingi patashika ni ile ile, ila sasa inaanza mapema zaidi. Chanzo chake hasa ni viwili: ubongo wa mtoto aliyetoka usingizini sasa hivi bado haujaamka wote, na muda wa asubuhi huhesabiwa kuanzia kitandani badala ya mlangoni.

Tuanze na ubongo. Mtu akikatizwa usingizi, hasa ule mzito, hubaki na lepe kwa dakika 15 hadi 30, pengine hata saa nzima. Macho yako wazi, lakini uamuzi, kumbukumbu na wepesi wa mikono bado viko chini. Ndiyo maana utamkuta mtoto amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mkononi, anaitazama tu. Ukimwona hivyo ni rahisi kudhani ni ukaidi.

Juu ya lepe hilo humwagwa maagizo: "Haya amka, kaoge, sare iko kwenye kiti, usisahau chupa ya maji, na mwalimu alisema mpeleke nini?" Hayo ni mambo matano kwa pumzi moja, tena kwa sauti inayotoka jikoni. Mtu mzima aliye macho hushika kichwani mambo manne hivi kwa wakati mmoja. Mtoto wa miaka sita hushika machache kuliko hayo, na akiwa na lepe ndiyo kabisa. Atafanya moja, kisha asimame katikati ya chumba asijue linalofuata.

Dawa yake haina gharama. Fungua pazia au washa taa dakika tano kabla ya kumgusa, kwa sababu mwanga huupunguza mwili melatonini, homoni inayouandaa kwa usingizi. Kisha mwendee, mshike bega, mwambie jambo moja, subiri alianze. Dakika 15 za kwanza zisiwe na kazi ya kufikiri: choo, maji ya uso, maji ya kunywa. Na mzazi awe ameshavaa na kumaliza mambo yake kabla ya kumwamsha mtoto wa kwanza. Hili watu hulipuuza sana, lakini mzazi anayejitafutia shati huku akisimamia watoto hafanikiwi upande wowote.

Sasa hesabu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya binadamu ya kukadiria muda wa kazi kwa kufikiria mambo yakienda vizuri, na kusahau mara zote yalipokwama. Ukimuuliza mzazi mtoto wake huvaa kwa dakika ngapi, atataja zile za siku njema. Kwa hiyo usikisie. Shika simu siku tatu za shule, pima kila hatua, na uchukue muda mrefu kuliko yote uliopata, si wastani. Halafu anzia saa ya kutoka mlangoni na urudi nyuma.

Chukua nyumba yenye bafu moja na watoto wawili, wa miaka 6 na 9, wanaotakiwa kutoka saa 1:00 asubuhi. Wa miaka 6: lepe na choo dakika 15, bafu 10, kuvaa 15, kula 20, mswaki 5, viatu na begi 10. Jumla 75. Ongeza 10 za dharura, maana kuna siku zipu itakwama na kuna siku chai itamwagika, zinakuwa 85. Huyu anaamshwa saa 11:35. Wa miaka 9 huvaa kwa dakika 8 na viatu humchukua 5, mengine ni sawa na ya mdogo, kwa hiyo pamoja na dharura anahitaji 73. Anaamshwa saa 11:47.

Tofauti hiyo ya dakika 12 ndiyo inayoiokoa nyumba. Mdogo anaingia bafuni saa 11:50 na kutoka saa 12:00. Mkubwa anamaliza lepe lake saa 12:02 na kukuta bafu tupu. Saa 12:20 wote wako mezani, na saa 12:50 wote wamevaa viatu. Wakiamshwa kwa pamoja, mmoja atasubiri mlangoni, na mtoto anayesubiri hasubiri: atarudi kitandani au ataanza mchezo, na kumtoa kwenye mchezo ni kazi kuliko kumwamsha. Kama watoto ni watatu au zaidi kwa bafu moja, hamisha baadhi yao waoge usiku. Hakuna ratiba inayoweza kupitisha watu watano kwenye mlango mmoja kwa nusu saa bila ugomvi.

Kumbuka pia kwamba zile dakika 10 za dharura ni za dharura. Ukizipangia kazi ndogo ndogo, kama kujibu ujumbe au kuosha vyombo, siku ya zipu kukwama hutakuwa nazo.

Kinachobaki kinahamia jioni, na jioni yenyewe ina saa yake. Wengi hupanga begi wakati wa kulala, na hapo ndipo hugundua shati lina doa au kuna fomu ya kusaini iliyobaki shuleni. Fanya kabla ya chakula cha usiku, wakati bado kuna muda wa kufua, kupiga pasi au kumpigia mzazi wa mwanafunzi mwenzake. Fungua ratiba ya masomo ya kesho, si ya leo, uone kama kuna michezo au kazi za mikono. Begi lifungwe zipu na likae mlangoni, viatu chini yake. Sare iwe nzima, yaani hadi soksi na nguo za ndani, imepangwa kwa mfuatano wa kuvaa. Soksi zinunuliwe za rangi moja zote. Kutafuta mwenza wa soksi ni upotevu wa muda usio na sababu.

Kuhusu kuvaa kabla au baada ya kula, mabishano ni mengi. Kuvaa kwanza ni bora, kwa sababu chakula humvuta mtoto amalize, na fulana kuukuu juu ya sare huzuia madoa. Mswaki huja baada ya kula, isipokuwa mezani pawe na juisi ya matunda au kitu kingine chenye asidi. Asidi hulainisha gamba la jino kwa muda, hivyo siku hiyo apige mswaki kabla. Runinga na simu zizimwe hadi begi liwe mgongoni: katuni ni rahisi kuianza kuliko kuikatiza.

Kwa asiyejua kusoma, bandika ukutani picha tano kwenye usawa wa macho yake, kila picha na kibanio cha nguo anachokisogeza akimaliza. Hapo swali linabadilika kutoka "umefanya hiki?" kuwa "kibanio kiko wapi?", na sauti za nyumbani hushuka. Usitarajie mazoea ya wiki moja. Utafiti wa chuo kikuu cha University College London, uliochapishwa mwaka 2010 ukiwa na watu wazima 96, ulionyesha kuwa kwa mtu wa kati jambo jipya lilikaribia kuwa mazoea baada ya siku 66, wengine 18, wengine 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Yote haya huanguka kama mtoto hajalala vya kutosha. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa miaka 13 hadi 18. Yule wa kuamka saa 11:35 akitaka saa tisa na nusu, na tukimpa dakika 20 za kusinzia, taa yake izimwe saa 1:45 usiku. Kama sasa analala saa 3:00, sogeza dakika 15 kila baada ya siku mbili tatu, usikate mara moja. Wikendi asipitilize saa moja zaidi ya kawaida, la sivyo Jumatatu atakuwa kama msafiri aliyevuka mabara.

Kijana aliyebalehe ni suala jingine. Melatonini yake huanza kupanda usiku baadaye kuliko ya mtoto, pengine kwa saa mbili, kwa hiyo kumlaza mapema mno ni kumlaza akitazama dari. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri mwaka 2014 shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, na California ikaifanya hiyo sheria kwa sekondari za juu kuanzia mwaka 2022. Asipobahatika kuwa na shule ya namna hiyo, kinachosaidia ni simu kulala nje ya chumba, mwanga mkali mara tu anapoamka, na begi kufungwa jana yake.

Na siku ambayo umeme umekatika, kengele haikulia na mna dakika 25, msijaribu kufanya ratiba nzima kwa mbio. Kateni bafu, mtoto aoshe uso na kwapa tu. Chakula kiwe cha kushikwa mkononi njiani. Mswaki ubaki, dakika mbili tu. Mtu mzima mmoja amvishe mdogo, mwingine abebe mabegi.