Midundo haimo kwenye damu

Kila muhula ukianza nasikia maneno yale yale, kwa wazazi na hata kwa wanakwaya wanaokuja kujaribiwa: "Mwalimu, huyu nota za nini? Sisi Waafrika midundo imo kwenye damu." Husemwa kama sifa. Mtoto anayeambiwa hivyo huniingia darasani, kwenye somo la ala za kugonga, akiamini hana la kujifunza, na kumtoa imani hiyo ni kazi kubwa kuliko kumfundisha kushika vijiti.

Hakuna anayezaliwa na mdundo. Mtoto aliyekulia kwenye ngoma za arusini au kanisani amefundishwa tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, ingawa hakuna aliyeita lile darasa. Asiye na imani aende Buganda, nchini Uganda. Amadinda, ala ya mbao ya jamii ya marimba, ina mbao 12 na hupigwa na watu watatu: wawili wanapishana, pigo la huyu likiingia katikati ya mapigo ya yule, na wa tatu anashika sauti mbili za juu kabisa. Mmoja akiteleza, wimbo umevunjika. Kwenye kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, kulikuwa pia na entenga, seti ya ngoma 15, na 12 kati yake ziliwambwa kila moja kwa sauti yake, zikapiga nyimbo hizo hizo za amadinda. Ufundi huo ulipatikana kwa kukaa chini ya mwalimu. Steve Reich, mtunzi wa Marekani, alilijua hilo: mwaka 1970 alikwenda Ghana kujifunza ngoma za Waewe kwa mwalimu mwenye fani yake, na mwaka uliofuata akakamilisha kazi yake kubwa ya midundo, Drumming.

Sasa mweke huyo mwenye "damu" mbele ya Ionisation, kazi ya ala za kugonga ya mtunzi Edgard Varèse, iliyopigwa mara ya kwanza New York mwaka 1933. Ina wapigaji 13, kila mmoja akiwa na ala zaidi ya moja mbele yake. Huwezi kuidaka kwa sikio ukiwa umesimama pembeni. Au mpe Psappha, kazi ya mpigaji mmoja ya mtunzi Iannis Xenakis, ya mwaka 1975. Mtunzi hakutaja ala kwa majina. Aliandika makundi tu, ya ngozi, mbao na chuma, na mpigaji ndiye anayechagua atagonga nini. Asiyesoma nota hajui hata aanze kununua nini.

Timpani, zile ngoma kubwa za okestra, nazo zina sauti za juu na za chini kama za wimbo, na sauti hubadilishwa kwa pedali katikati ya wimbo, okestra nzima ikinguruma sikioni. Lazima uwe na sauti inayofuata kichwani kabla mguu haujagusa pedali. Ndiyo maana wanafunzi wangu huimba kwanza. Hulalamika kwamba hawakuja kwaya, nami huwaambia waimbe tena. Kisha naweka metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 40 kwa dakika, si 120. Kwenda kasi kila mtu anajidanganya. Kwenye 40 uongo wote unasikika.

Maneno mengine ya uongo ninayoyasikia niyamalize haraka.

Kwamba kiziwi hawezi. Evelyn Glennie wa Uskoti, aliyezaliwa mwaka 1965, alikuwa kiziwi kwa kiasi kikubwa alipofika miaka 12. Akasoma Royal Academy of Music, London, akawa mpigaji wa peke yake jukwaani kwa kazi ya kudumu. Hupiga miguu peku ili mtetemo umpande mwilini. Walimu, acheni kuwarudisha watoto hawa mlangoni.

Kwamba lazima uchague: upige, utunge, au ufundishe, na anayefundisha ni aliyeshindwa jukwaa. Hili nalo linaniudhi. Mpiga fidla amerithi kazi za karne nyingi. Sisi hatukurithi: Zyklus ya mtunzi Mjerumani Stockhausen, ya mwaka 1959, ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa kwa mpigaji mmoja. Wapigaji wakaona hawana cha kupiga, wakatunga. Keiko Abe wa Japani alifanya hivyo kwa marimba. Ney Rosauro wa Brazili alitunga konseto yake ya kwanza ya marimba, yaani kazi ya mpigaji mmoja na okestra, mwaka 1986, na alifundisha chuo kikuu Santa Maria kisha Miami. Steven Schick, mpigaji wa Marekani, alianza kufundisha Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 1991, huku akipiga na kuongoza okestra. Wanafunzi ndio watakaozipiga kazi hizo kesho. Usipowafundisha, umewatungia akina nani?

Na kwamba bila marimba nyumbani usianze. Marimba ya okatavi tano inajaza sebule na bei yake ni mzigo. Mwaka wa kwanza nataka pedi ya mazoezi (kibao cha kugongea badala ya ngoma), vijiti viwili, metronomu ya simu na daftari la nota. Marimba ya shule ipo. Njoo saa moja asubuhi, kabla foleni haijaanza.